Aliyeondoka Nayo Airudishe

Mtu mzima hapaswi kupenda hadithi za majini na vyombo vya angani. Niliambiwa hivyo na binti yangu, nikaambiwa na jirani, na mwisho nikaambiwa na Mshauri, ambaye aliletwa rasmi ili atuambie. Wote watatu walikuwa na figo zinazofanya kazi.

Mimi zangu ziligoma. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa udereva, na maisha yangu yote ya kazi nimekaa kiti cha abiria, mguu wangu juu ya ile breki ya pili wanayowekewa walimu, nikiokoa watu wasiojua kwamba wameokolewa. Wodini nilipata jina la Breki siku ya kwanza, kwa sababu nilimkatiza daktari kila alipofungua mdomo. Sikulikataa jina hilo.

Chumba chetu kina viti vinne vya kulalia upande wa dirisha, na kila kiti kina mashine yake ya kusafisha damu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi tunafika, tunapimwa uzito, tunachomwa sindano mbili za mkononi, kisha damu inatoka kwa mpira mmoja, inazunguka kwenye mashine, inarudi kwa mpira wa pili. Hukai dakika chache. Unakaa mpaka umeyajua madoa yote ya dari. Ukiacha kuja, unajaa maji na sumu na unakufa, tena haichukui muda.

Kwenye kiti cha mlangoni alikuwa Bibi Shuka, mwanamke mzee aliyekuja na shuka lake mwenyewe kwa kuwa hakuziamini za hospitali. Nilifuata mimi. Baada yangu Seremala, mwanamume wa miraba minne mwenye mdomo usio na mlango. Kiti cha mwisho kilikuwa cha Fundi Redio, na ndiye aliyetuanzishia balaa lote.

Mashine hizi hulia. Ukikunja mkono inalia, mpira ukibanwa inalia, na kuna siku zinalia kwa sababu zimeamka vibaya. Wagonjwa wageni hushtuka kila zinapolia, wakidhani wanakufa. Fundi Redio alichoka kuona watu wakishtuka, akaleta mchezo. Alianza hadithi ya chombo kilichoondoka duniani kikiwa na abiria wachache, na akasema: mashine ya nani ikilia, huyo ndiye anapokea hadithi na kuiendeleza. Basi mlio uliokuwa unatutisha ukawa ndio tunaousubiri. Mtu mashine yake ikikaa kimya asubuhi nzima, ananuna.

Kulikuwa na kanuni mbili zaidi. Ya kwanza: hakuna mwenye ruhusa ya kuimaliza hadithi. Ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Muda ukiisha hadithi ikiwa mdomoni mwako, unakwenda nayo nyumbani, na siku inayofuata lazima uje nayo. Aliyeondoka nayo airudishe. Hukuruhusiwa kuumwa, kukata tamaa, wala kufa, kwa sababu umeshika kitu cha watu.

Kila mtu alitia humo alichokosa. Sisi hatunywi maji tunavyotaka, tunapimiwa kwa kikombe, na kiu ya mgonjwa wa figo sikutakii hata uwe adui yangu. Bibi Shuka akaleta sayari ya maji matamu, ambako watu hunywa mpaka wanalala, na ndani ya tangi la chombo akaweka jini anayeonja maji kabla ya abiria. Seremala akaleta msitu ambao ukikata mti jeraha lake linafunga palepale. Mimi, bila shaka, nilijenga barabara angani zenye madereva wanaosimama taa ikiwa nyekundu, na wenzangu wakasema hapo sasa nimezidisha uongo.

Kisha Fundi Redio akafa. Mara ya mwisho hadithi ilikuwa kwake. Mtu wake ndani ya chombo, ambaye naye alikuwa fundi, alitaka kutoka nje. "Ngoja nikaiweke sawa antena," alisema, "narudi sasa hivi." Sista, muuguzi wetu, akaja kumtoa sindano, naye Fundi Redio akavaa kofia yake, akaenda nyumbani na hadithi. Hakuirudisha. Bibi Shuka aliamua kwamba hadithi ya marehemu hurithiwa, na mashine yake ilipolia akaendelea. Lakini yule fundi aliye nje ya chombo hakuna aliyethubutu kumgusa. Hatukumuua, na hatukumrudisha ndani. Tulimwacha hukohuko.

Kiti chake kikapewa Mhasibu, kijana aliyeoa juzijuzi, shati limepigwa pasi hata kwenye kola. Kabla hata hajakaa vizuri, Seremala akamwambia, "Karibu. Hicho kilikuwa cha marehemu." Bibi Shuka alimtazama Seremala kwa jicho ambalo lingekausha nguo. Mhasibu akakaa, akatoa mkono achomwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba zake zilikuwa mbili na zimejaa damu.

Mashine yake ilipolia mara ya kwanza, sote tulimgeukia. "Mimi ni mhasibu," alisema. "Sina hadithi."

"Mgeni siku mbili, mwanangu," Bibi Shuka akamjibu. "Ya tatu utashika jembe."

Ya tatu ilipofika, tukiwa tumeshamsimulia safari yote pamoja na fundi aliyebaki nje, akauliza swali moja tu: chombo chetu kinatumia mafuta gani? Hatukujua. Tulikuwa tumesafiri nyota hadi nyota bila mafuta, watu wazima na akili zetu. Akasikitika kwa dhati. Akatuwekea tangi la mafuta, akaweka mtu wa kulilinda, akampa mtu huyo mke aliyeachwa duniani na ambaye hasikii sauti yake. Alipomaliza Bibi alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya shuka.

Siku moja, bila kuulizwa, akatuambia: "Kuna Jumatano moja nilikuwa nimeshaamua kuacha mashine. Nilishamwambia mke wangu kwamba siji tena. Nilikuja kwa sababu nilikuwa nimeondoka nayo." Hakuna aliyempongeza. Seremala alisema tu, "Umefanya vizuri, tulikuwa tunakungoja," na mimi niligeukia dirisha kwa sababu sipendi kuonekana.

Sasa Seremala. Mwanamume huyu aliipenda hadithi hadi akaanza kuiba zamu. Akiona mtu anakaribia pazuri, anakunja mkono kidogo, mashine inalia, anapokea. Tulimjua, tukamwacha, maana alikuwa anaichangamsha. Ijumaa moja akakunja kupita kiasi, sindano ikatoboa mshipa, na mkono ukavimba ukawa na rangi ya zambarau. Sista, ambaye ni mpole hadi pale asipokuwa mpole, alimshughulikia kwanza na kumgombeza baadaye, na magombezo yale yalisikika mpaka kwenye ofisi za wakubwa.

Wiki iliyofuata akaletwa Mshauri. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, viatu vinang'aa, karatasi chini ya kwapa. Alisimama katikati ya chumba wakati tunakaribia kutolewa sindano, na hadithi ilikuwa kwa Mhasibu.

"Samahani, kaka," alimkatiza. "Kuanzia leo mchezo huu umesimamishwa. Umeshamwumiza mtu."

Seremala akainua ule mkono wake uliofungwa. "Nimejiumiza mwenyewe. Adhabu nipe mimi, hadithi iache."

"Si mkono tu, mzee wangu. Ni haya mawazo. Majini, sayari. Mnakimbia hali halisi."

"Nikimbie na mpira huu?" nilimuuliza, nikamwonyesha mkono.

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefundishwa kutabasamu. Alituambia kwamba hatua ya kwanza ni kukubali. Alisema atatuletea shuhuda za kweli za wagonjwa wenzetu, zinazojenga. Sikatai kwamba alitaka mema. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikuwa amesimama.

Mhasibu alitolewa sindano akiwa ameshika sentensi nusu. Alikunjua mikono ya shati lake taratibu, akatuaga mmoja mmoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuona hatari kabla dereva hajaiona, na ile kuaga mmoja mmoja niliiona, nikajiambia mambo yatakaa sawa. Aliondoka na hadithi ambayo hakukuwa tena na mahali pa kuirudishia.

Jumatatu kiti chake kilikuwa kitupu. Mshauri alitusomea habari za mwanamume mmoja aliyekubali hali yake na kulima nyanya. Tulisikiliza. Nyanya ziliota, zikaiva. Mashine ya Bibi ililia, akaniangalia, nikamwangalia, na kila mtu akameza alichokuwa nacho.

"Mhasibu yuko wapi?" nilimuuliza Sista.

"Mkewe anasema amekataa kutoka chumbani," alijibu kwa sauti ya chini. "Daktari amempigia. Hataki."

Jumatano kiti kilikuwa kitupu tena. Hapo niliogopa. Mtu wa mashine akikosa mara mbili, anaanza kuzama ndani ya mwili wake mwenyewe. Nilitoa simu kwa mkono ulio huru, nikampigia, nikaweka sauti ya juu. Mshauri alikuwa anafungua karatasi zake. Mkewe alipokea, na bila kuuliza akampelekea simu mumewe kitandani.

"Dada Breki," alisema. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Vizuri umepiga. Sikutaka kufa na kitu cha watu. Hadithi nimeimaliza, narudisha. Mafuta yaliisha. Wakakubaliana, wakazima injini wenyewe, wakalala. Basi."

"Huruhusiwi kuimaliza," Seremala alisema.

"Imeisha, kaka."

"Mama," Mshauri aliniambia, "tafadhali, zima simu. Hili tuwaachie wataalamu."

Wataalamu walishapiga, na walishakataliwa. Nilitaka kusema, lakini sikuwa na zamu, na nilijua kwamba nikisema nje ya zamu Mhasibu hatasikia, maana mtu wa hesabu ni mtu wa kanuni. Mashine yangu, ambayo hulia hata mtu akipiga chafya chumba cha pili, siku hiyo ilikuwa imekaa na adabu zake zote. Basi nikaufikia ule mpira wa damu, nikaubana kwa vidole viwili, mbele ya Mshauri, macho yangu kwenye macho yake. Mkono sikuukunja, mimi si Seremala. Nilikanyaga breki tu, kama nilivyofanya miaka yote mtu alipotaka kuniingiza mtaroni.

Mashine ikalia.

"Zamu yangu," nilisema. "Injini imezimwa. Wamelala. Kimya kabisa. Halafu ukutani, kwa upande wa nje, pakagongwa. Ko, ko, ko."

Sista alifika mbio. Alinitoa vidole kwenye mpira, akaukagua, akaituliza mashine. Nilidhani atachukua simu. Akaulaza mkono wangu sawasawa juu ya mto na kusema, "Ukiubana tena nitakufunga," kisha akarudi kwenye meza yake na kuipa simu mgongo.

Upande wa pili Mhasibu akasema, "Nje hakuna hewa."

"Najua."

"Basi hakuna mtu wa kugonga."

"Nani kakwambia? Kuna mtu tulimwacha nje."

Bibi Shuka alikuwa amejivutia shuka hadi kidevuni.

"Ni yeye?" Mhasibu aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu. Mlango uko upande wako. Hadithi nimekurudishia, unayo wewe sasa. Na aliyeondoka nayo..."

"Airudishe," Bibi alimalizia.

"Na si kwa simu," alisema Seremala.

Nikakata. Sista alikuja akanifunika blanketi. Je, kama nilikuwa nimeongea kwa mara ya mwisho na mtu, na nikamkatia simu usoni?

Mshauri alivuta kigoda akakaa karibu yangu, na kwa hilo ninamheshimu. "Mama, umempa mgonjwa matumaini ya uongo," alisema.

"Nimemwambia atapona?"

"Hapana, lakini..."

"Nimemwambia kuna mtu anagonga. Hakuna hata mmoja wetu anayeamini kuna jini kwenye tangi, baba. Bibi mwenyewe haamini, na ndiye aliyemweka. Wewe unatusomea mambo ya kweli, na ya kweli tunayo. Tumefungwa nayo. Hadithi yako ya nyanya ina mwisho mmoja na sisi tunaujua kukushinda. Tunataka mahali ambapo bado hapajaamuliwa. Sasa nitazame. Damu yangu inatoka mwilini, inapita kwenye mashine, inarudi, na mimi naongea na wewe. Bibi yangu mzaa mama angeona hivi angesema ni uchawi. Kuna mtu mahali fulani alikaa akaliwaza jambo hili kabla halijakuwepo, na nina hakika kuna mwingine mwenye viatu vizuri aliyemwambia akubali hali."

Aliangalia viatu vyake. Sitasema kwamba alibadilika. Wengi wakisimulia hupenda adui aongoke mwishoni ili waonekane walikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi bila yeye. Aliinuka, akaandika taarifa yake kwa wakubwa, na Ijumaa akaja na karatasi zake kama kawaida.

Ijumaa nilifika mapema, na nilikaa nikitazama mlango. Bibi alifungwa mashine. Nikafungwa mimi, akafungwa Seremala. Kiti cha mwisho kilikuwa na godoro lililotandikwa na mto usio na alama ya kichwa. Mshauri alianza kutusomea habari za mwanamke aliyekubali hali yake na kufungua duka la vitambaa. Seremala alilia waziwazi, na si kwa ajili ya vitambaa.

Magurudumu yakasikika kwenye korido. Mke wa Mhasibu alikuwa anamsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Mumewe alikuwa amevimba, uso umejaa, miguu haiingii kwenye viatu hivyo amevishwa ndala, na shati, kwa mara ya kwanza, halikupigwa pasi. Daktari alikuja, Sista akaja, wakamzunguka, na kwa muda mrefu hatukuona chochote ila migongo yao. Mkewe alisimama karibu yangu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Amekaa siku mbili anautazama mlango wa chumba," aliniambia. "Leo asubuhi akasema nimpeleke."

Migongo ikaondoka. Mhasibu alikuwa kwenye kiti, mipira miwili imejaa wekundu, mashine inazunguka. Alifumba macho. Sisi hatukumuuliza kitu. Kanuni ni kanuni. Mshauri alisoma habari za vitambaa hadi ukurasa wa mwisho na akaanza nyingine, na katika chumba kile hapakuwa na sikio hata moja lililokuwa lake. Tulikuwa tunasikiliza mashine ya mwisho.

Mashine ya Bibi ililia. Bibi akaiambia, "Nyamaza wewe," na Sista akainyamazisha. Yangu ililia. Nilitazama dari. Ya Seremala haikulia, kwa kuwa Seremala alikuwa ameunyoosha mkono wake kama ubao.

Ndipo ikalia ya Mhasibu. Mshauri aliacha kusoma. "Tuendelee na ushuhuda," alisema. Sista alikwenda, akaibonyeza, na hakuondoka hapo.

Mhasibu alifumbua macho. "Nilifungua," alisema.

"Nani?" Bibi Shuka aliuliza.

"Fundi. Ana barafu mpaka kwenye nyusi. Anasema antena imekaa sawa." Alipumzika, akavuta pumzi. "Akaingia, akaweka vifaa vyake chini, akatazama huku na huku. Halafu akauliza, nani kakaa kwenye kiti changu?"

Seremala aliinamisha kichwa. Mke wa Mhasibu aliacha kuuchezea mkoba. Nilisikia mashine zote nne zikizungusha damu yetu.

"Ukamjibuje?" nilimuuliza.

Alijisogeza nyuma mpaka mgongo wake wote ukagusa kiti, akaweka mikono juu ya zile pande mbili za kuegemea, mmoja mzima na mmoja wenye sindano.

"Nikamwambia ni mimi," alisema, "na sihami."